Gofu chumbani, na swali la mbeba mfuko

(Maelezo haya yalisomwa redioni mwishoni mwa juma. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)

Wiki iliyopita niliahidi kuwaeleza jambo moja nililolishuhudia safarini Korea ya Kusini, na ahadi ni deni. Leo nalilipa.

Nilikwenda huko Januari 2025 kwa mafunzo mafupi ya watangazaji, katika mji mkuu, Seoul. Jioni moja, baada ya masomo, mwenyeji wangu, ambaye ni fundi mitambo wa redio, aliniuliza kama ningependa kufuatana naye kwenda kucheza gofu. Nilitazama dirishani. Ilikuwa saa mbili za usiku. Theluji ilikuwa imelala juu ya magari, na kipimajoto kilionyesha nyuzi nane chini ya sifuri. Nikadhani sikumsikia vizuri. Akacheka, akaniambia nivae koti, kwani uwanja uko mtaa wa pili, chini ya jengo lenye duka la dawa.

Kabla sijawapeleka huko chini, sina budi kuwaambia habari yangu na mchezo huu. Baba yangu alibeba mifuko ya gofu kwa zaidi ya miaka ishirini, katika uwanja mmoja wa mji nilikokulia, ambao sitautaja. Walikuwa wakiitana makedi. Kazi ya kedi ni kumbebea mchezaji mfuko wa fimbo zake, kumtafutia kipira kinapopotea majanini, na kumshauri ni fimbo ipi itafaa kwa umbali uliobaki. Karo yangu ya shule, kwa sehemu kubwa, ilitoka begani mwa mzee huyo. Lakini mimi mwenyewe sikupata kupiga kipira hata kimoja ndani ya uwanja ule.

Niliwahi kujaribu nje yake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Ilikuwa saa saba za mchana, wachezaji wamekwenda kula, nami nikachukua fimbo moja kuukuu na vipira vinne vilivyookotwa vichakani, nikaanza kupiga ng'ambo ya ua. Baba alikuwa amekaa chini ya mwembe. Alinitazama mara tatu, kila mara kipira kikikimbilia kulia, kisha akasema, "Mkono wako wa kulia una haraka. Uache wa kushoto utangulie." Nikafanya kama alivyosema. Kipira cha nne kikanyooka vizuri sana, kikavuka ua, kikaanguka katikati ya uwanja. Mlinzi alinikamata nikapata bakora mbili, na baba akasimamishwa kazi wiki nzima. Tangu siku hiyo, kwa muda wa miaka thelathini na tano, sikushika tena fimbo ya gofu.

Kwa hiyo, msikilizaji, nilipokuwa nikishuka ngazi za jengo lile la Seoul, sikuwa mgeni mtazamaji tu.

Tulipofika chini tulipokewa na kijana mmoja kwenye meza, akatupa viatu na glovu. Ukumbini palikuwa na vyumba sita au saba, kila kimoja na mlango wake, kama vyumba vya nyumba ya wageni. Tuliingizwa katika kimoja. Upana wake ni kama sebule ya kawaida, ila dari iko juu zaidi ili mtu aweze kuzungusha fimbo bila kugonga kitu. Upande mmoja kulikuwa na kochi na meza, fimbo za kuazima zimeegemezwa ukutani, na orodha ya vyakula. Upande wa pili, kutoka sakafuni hadi darini, kulikuwa na pazia jeupe la kitambaa kizito. Mwenyeji wangu alibonyeza kidude, na pazia lile likageuka kuwa kisiwa cha Jeju, kusini mwa nchi hiyo, mchana wa jua, na nyasi za kijani zinakwenda mbali hadi kwenye bendera ndogo.

Sakafuni kuna jukwaa la mraba lililotandikwa zulia la nyasi za bandia. Kipira hupanda chenyewe kutoka chini ya sakafu, kikakaa juu ya kijiti cha mpira. Kando yake kuna mazulia mengine mawili madogo. Moja lina manyoya marefu, mfano wa majani nje ya njia, na jingine ni zito na gumu kupiga, mfano wa mchanga. Kipira chako kikianguka majanini kule kwenye picha, hupaswi kupiga kutoka kwenye zulia zuri. Ukijifanya hujui, mashine itakukata sehemu ya umbali. Na kama kule Jeju umesimama mteremkoni, jukwaa lenyewe huinama taratibu chini ya miguu yako.

Sasa ni vema nieleze mtambo huu unafanyaje kazi, kwa sababu nilimuuliza mwenyeji wangu maswali mengi mno, naye, kama mafundi wote, alifurahi kuulizwa.

Jambo la kwanza ni kwamba mtambo haujui kabisa kipira kingekwenda wapi. Unakiona kwa muda mfupi tu, kikitoka kwenye fimbo hadi kinapogonga pazia, umbali wa mita tatu au nne. Fimbo hugusana na kipira kwa muda wa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Jicho la binadamu haliwezi kuona lolote hapo. Lakini darini na ukutani kuna kamera zinazopiga picha nyingi sana kwa sekunde moja, zikisaidiwa na taa maalumu. Kwa kulinganisha picha moja na inayofuata, kompyuta hupata mambo manne: kipira kimeondoka kwa kasi gani, kimepanda kwa pembe gani, kimeelekea upande gani, na kinajizungusha vipi.

Mitambo mingine, badala ya kamera, hutumia rada. Kampuni ya TrackMan ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilipata sifa kwa rada iliyotokana na ufundi wa kufuatia makombora angani. Rada ina nguvu zaidi nje, mahali ambapo inaweza kukifuata kipira safari nzima. Ndani ya chumba, ambamo safari ni ya hatua chache, kamera zina faida yake.

Baada ya kupata mambo hayo manne, kinachobaki ni hesabu. Na hesabu yenyewe si ya juzi. Katika miaka ya 1890, profesa wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Peter Guthrie Tait, alijishughulisha sana na swali la kwa nini kipira cha gofu hukaa hewani muda mrefu kuliko inavyotazamiwa. Alikuwa na mwalimu mzuri nyumbani kwake, kwani mwanawe, Freddie Tait, alikuwa bingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1896 na tena mwaka 1898. Jibu la profesa lilikuwa kwamba kipira hujizungusha kuelekea nyuma kinaposonga mbele. Kwa kujizungusha hivyo kinaisukuma hewa chini, na hewa nayo inakinyanyua. Mpira wa miguu unaopinda na kumzunguka kipa hufuata kanuni hiyo hiyo.

Vile vishimo vidogo mnavyoviona kwenye ngozi ya kipira cha gofu, ambavyo huwa kati ya 300 na 500, vina kazi. Vinaifanya hewa iambatane na kipira kwa muda mrefu zaidi, hivyo kuvutwa nyuma kunapungua. Kipira laini kisicho na vishimo, kikipigwa kwa nguvu ile ile, kingefika karibu nusu tu ya safari. Na mahali pasipo na hewa hakuna kunyanyuliwa wala kupinda. Tarehe 6 Februari 1971, mwanaanga Alan Shepard wa chombo cha Apollo 14 alipiga vipira viwili vya gofu juu ya mwezi. Huko hata mwenye mkono mbaya kuliko wote asingeweza kukipindisha kipira chake.

Basi kompyuta ya chumbani huchukua uzito wa kipira, ambao kwa sheria hauzidi gramu 45.93, ikaongeza uvutano wa dunia, ukinzani wa hewa, ule mnyanyuo wa kujizungusha, na upepo iliojitungia yenyewe. Kisha inachora njia yote juu ya ramani ya uwanja halisi uliopimwa na kupigwa picha. Hayo yote hukamilika kabla kipira cha kweli hakijamaliza kudunda miguuni pako. Unatazama pazia na unakiona kikienda zake, unasahau kabisa kwamba kimelala pale mbele yako kwenye zulia.

Zamu yangu ilifika. Nilichukua fimbo namba saba, nikasimama kama nilivyoona watu wakisimama, nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Nikakikosa kipira. Mashine haikusema neno. Kwake hakuna lililotokea, kwa sababu hakuna kilichotembea. Katika sheria za gofu, mkwaju ni ule mwendo wa fimbo kuelekea mbele kwa nia ya kukipiga kipira, hata kama hukukigusa. Baba angelihesabu. Mwenyeji wangu, kwa adabu, alikuwa anatazama orodha ya vyakula.

Mara ya pili nilikipata. Pazia liligonga kama mlango unaobamizwa, na sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kipaza sauti. Sikuelewa maneno, lakini nilielewa kwamba si pongezi. Kipira kilianza vizuri, kisha kikapinda kulia, kikapotea kwenye miti ya misonobari. Takwimu zikajipanga ukutani: kasi ya kipira mita 41 kwa sekunde, umbali wa mita 112 hewani, na mita 28 nje ya mstari, upande wa kulia. Nikapiga tena, kulia. Nikapiga tena, kulia. Mwenyeji wangu akabonyeza mahali fulani, na picha yangu mwenyewe ikatokea, nikizungusha fimbo polepole, mbele na nyuma. Mishale ya rangi ilionyesha njia ya fimbo. Ilikuwa inatoka nje na kuingia ndani, ikikata kipira kama mtu anayekata mkate, huku uso wa fimbo umefunguka kuelekea kulia. Mwenyeji wangu alinitafsiria maelezo yaliyoandikwa chini ya picha. Yalisema kwamba mkono wa kulia unaingia kazini mapema mno.

Wasikilizaji, nilikaa kwenye kochi. Kwa miaka thelathini na tano nilikuwa nimebeba maneno hayo hayo, tena kwa Kiswahili safi, kutoka kwa mtu aliyekuwa amekaa chini ya mwembe bila kamera wala rada. Mtu huyo hakuwahi kuitwa mwalimu na hakuwahi kulipwa kwa kujua.

Tuliendelea kucheza kwa muda wa saa mbili na nusu. Kuku wa kukaanga aliletwa. Malipo yangu, ambayo mwenyeji wangu alikataa katakata nisiyatoe, yalikuwa won 25,000. Niliuliza ingegharimu kiasi gani kwenda kwenye uwanja halisi, akaniambia kwamba kwa kawaida ni mara tano au sita ya hapo, mbali na safari ya gari, na kwamba nafasi zenyewe za mwisho wa juma hugombewa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jambo hili limeota mizizi Korea kuliko pengine. Nchi hiyo ina kilometa za mraba zipatazo 100,000, yaani karibu sehemu ya tisa tu ya Tanzania, lakini ina watu wapatao milioni 51, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni milima. Uwanja mmoja wa mashimo 18 humeza ekari mia moja na ishirini, mia mbili, au zaidi. Ardhi ikiwa haba namna hiyo, mchezo huwa wa wachache. Tena majira ya baridi hufunga kila kitu kwa miezi.

Wakati huo huo, hamu ya watu ilikuwa imewashwa. Mwaka 1998, nchi ikiwa katikati ya msukosuko mkubwa wa fedha ulioikumba Asia, binti mmoja aitwaye Pak Se-ri alishinda mashindano makubwa ya wazi ya wanawake ya Marekani. Kipira chake kilianguka ukingoni mwa bwawa. Alivua viatu na soksi, akaingia majini, akakitoa, na mwisho wake akashinda. Watu waliokuwa wamepoteza kazi waliitazama picha ile kwenye televisheni, na watoto wengi wa kike wakataka kushika fimbo. Miaka miwili baadaye, mwaka 2000, Kim Young-chan, aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya Samsung, alianzisha kampuni ya Golfzon katika mji wa Daejeon ili kutengeneza mitambo hii. Leo kumbi za namna hiyo ziko kwa maelfu nchini humo. Wafanyakazi huzipitia baada ya kazi, wazee huenda asubuhi, na wapo wachezaji wa kulipwa ambao mashindano yao huchezwa mbele ya pazia tu.

Na jambo lenyewe limekwisha kuvuka bahari. Mwezi ule ule niliokuwa Seoul, tarehe 7 Januari 2025, ligi iitwayo TGL ilianza kuchezwa katika jimbo la Florida, Marekani, ndani ya ukumbi, mbele ya pazia kubwa kama jengo. Miongoni mwa waanzilishi wake ni Tiger Woods na Rory McIlroy.

Je, chumba kile ni gofu? Nilijiuliza hivyo njiani tukirudi, theluji ikilia chini ya viatu. Kwa upande mmoja, takwimu zake si za mchezo, na ndiyo maana wachezaji wakubwa duniani hufanya mazoezi kwa mitambo ya aina hiyo. Kwa upande mwingine, yako mambo ambayo chumba hakiyajui. Zulia ni lenye huruma mno. Ukigonga ardhi kabla ya kipira, fimbo huteleza na kipira huondoka kama kawaida, lakini kwenye udongo wa kweli ungechimba shimo na kipira kikasogea hatua mbili. Kazi ya kusukuma kipira taratibu hadi kwenye tundu lake, tundu lenye upana wa milimita 108 tu, ni ngumu kuigiza, kwa kuwa jicho haliuoni mwinuko wa ardhi. Upepo huandikwa kwenye kona ya picha, hauusikii shingoni. Na baada ya mvua kubwa ya masika, hakuna mashine inayokuambia kwamba pale karibu na mfereji nyasi zimelowa na kipira hakitakimbia.

Mambo hayo yote, msikilizaji, ndiyo yaliyokuwa elimu ya baba yangu. Alikuwa akiyasoma kwa nyayo.

Kesho yake nilimpigia simu. Ana miaka sabini na minne sasa, na masikio yake ni mazima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi haijakula?"

Nikamweleza yote, chumba, pazia, kisiwa, jukwaa linaloinama. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Mfuko kabeba nani?"

"Hakuna mfuko, baba. Fimbo zimeegemezwa ukutani."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi watoto wa mtaa huo wanaingilia wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niyaandike haya. Maana historia ya gofu, kila mahali, ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Mlango wa mbele una ada na kadi ya uanachama. Hapa kwetu Afrika Mashariki ulijengwa na wakoloni kwa ajili yao wenyewe. Klabu ya gofu ya Nairobi, kwa mfano, ilianza mwaka 1906, na ilichukua miaka mingi kabla Mwafrika hajaingia kama mchezaji. Lakini Mwafrika alikuwa ndani tangu siku ya kwanza, kwa mlango wa nyuma, na mfuko begani. Kwa mlango huo waliingia wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa, Kenya na Tanzania, ambao walianza kwa kubeba mifuko wakiwa watoto, wakajifunza kwa kutazama.

Si kwetu tu. Mwaka 1913, kijana wa miaka ishirini aitwaye Francis Ouimet, aliyekuwa zamani mbeba mifuko, aliwashinda mabingwa wa Uingereza katika mashindano ya wazi ya Marekani, kwenye uwanja ule ule alioubebea mifuko. Ángel Cabrera wa Argentina alianza kubeba mifuko akiwa na miaka kumi, na mwaka 2007 akachukua taji hilo hilo. Hata Korea yenyewe, Yang Yong-eun wa kisiwa kile cha Jeju alianza kwa kuokota vipira kwenye uwanja wa mazoezi. Mwaka 2009 alimshinda Tiger Woods katika mashindano ya PGA huko Minnesota, akawa mwanamume wa kwanza mzaliwa wa Asia kutwaa mojawapo ya mataji makuu manne.

Chumba cha Seoul kimefungua mlango wa tatu. Karani wa kawaida, ambaye asingeweza kamwe kulipia uwanja, anacheza. Mwanamke anayetoka kazini usiku anacheza. Hilo ni jema, na sitaki kulidharau. Hakuna mlinzi mwenye bakora pale. Lakini katika viwanja vingi vya Korea mchezaji hulazimika kuchukua kedi, na wengi wao ni wanawake wanaoishi kwa kazi hiyo. Chumbani kedi hahitajiki. Ushauri wake umo ndani ya kompyuta. Ule mlango wa nyuma umezibwa kwa ukuta mzuri uliopakwa rangi.

Mitambo hii imekwisha kuingia Afrika Mashariki, na itaendelea kuja. Bei yake ni dola za Kimarekani elfu kadhaa kwa ile midogo, na makumi ya maelfu kwa mikubwa. Kwa bei hiyo, ikiachwa ijiendee yenyewe, itakaa kwenye mahoteli na majumba ya matajiri, na mtoto wa mbeba mfuko hataiona hata kwa dirishani. Zamani angalau aliruhusiwa kusimama uwanjani na mzigo.

Maoni yangu ni haya. Mashine niliyoiona inajua kusema ulichofanya. Iliniambia kipira kimekwenda mita 28 kulia, tena kwa uhakika usio na ubishi. Lakini nilipojaribu kujirekebisha usiku ule, nilishindwa, kwa kuwa takwimu hazikuniambia mkono ufanye nini. Kipira kimoja tu kilinyooka usiku ule, nacho ni kile nilichopiga baada ya kuacha kusoma ukuta na kukumbuka maneno ya pili ya baba, kwamba mkono wa kushoto utangulie. Mtambo unahitaji mwalimu kando yake. Na walimu tunao, wamekaa chini ya miembe, nje ya nyua za viwanja vyetu.

Klabu yenye uwezo wa kununua mtambo ina uwezo pia wa kuwapa makedi wake wakongwe mafunzo ya miezi michache na cheti, wawe wakufunzi hapo. Inaweza kutenga saa mbili kila siku kwa watoto wa shule za jirani. Umeme unaotumika ni ule ule, na zulia haliishi kwa kukanyagwa na mtoto. Shirikisho na wizara zinazohusika na michezo zinaweza kulitaka jambo hilo mapema, kabla mitambo haijazoeleka, kwa maana ni rahisi kuweka sharti mlangoni kuliko kulidai baadaye mkiwa nje.

Nami sikutaka kuishia kwenye maneno. Niliporudi nilimletea baba glovu moja, ya mkono wa kushoto, na nikanunua fimbo mbili zilizotumika. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani na nyumbani kwake alituruhusu kutumia uwanja wao wa mpira Jumamosi asubuhi, kwa masharti kwamba tusivunje vioo. Baba hukaa kwenye kiti. Wajukuu wake wanne na watoto wengine wa mtaa hupanga foleni, na kila mmoja hupiga vipira vitano. Hatuna kamera. Juzi mjukuu wa tatu alipiga, kipira kikakimbilia kulia, na mzee, bila hata kuinuka, akamwambia neno lile lile.

Wasikilizaji wapenzi, kwa leo naishia hapo. Wale wenye viwanja, na wale wenye mifuko begani, ningependa kusikia maoni yenu. Hadi wiki ijayo, saa kama hii, nawatakia heri.